Chuma cha Kushikia Bafuni

4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo, na nyingine ya wifi, maana usipomfikishia atasema mimi nina dharau. Watoto hawajambo? Huku sisi wazima kwa kiasi chetu. Cherehani yangu imenikorofisha wiki nzima, sare za shule zimerundikana, na wazazi wanakuja kunisimamia mlangoni kama askari. Ule mlango wa bafu uliotutumia, wenye maandishi DARASA LA NNE, umevimba kwa maji, siku hizi unafungwa kwa teke. Dirisha la benki bado liko imara. Mwizi akija hapa hatajua anamwibia nani.

Sasa lililonishikisha kalamu. Mama ameteleza bafuni. Hakuvunjika, tumshukuru Mungu, ila goti limevimba, na kubwa zaidi ni kwamba amekuwa mwoga. Haingii bafuni bila mimi. Namshika kiunoni kwa mkono mmoja, nammwagia maji kwa mwingine, na unajua Mama alivyo na mwili. Tukitoka humo haijulikani nani ameoga na nani amefuliwa.

Ningevumilia, ni mama yangu. Lakini nina jambo, na nitalisema bila kuuma maneno. Seremala amenitaka tena. Amepata karakana kwenye mji mwingine, anahamia mwezi wa saba, na ameniambia wazi: twende wote, au tuachane vizuri. Miaka yote hii nimekuwa nikimwambia ngoja, ngoja Mama apate nafuu. Kaka, nimefika umri ambao ukimwambia mtu ngoja, haji tena. Nataka kwenda. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Jirani yetu mkunga anasema dawa ni chuma cha kushikia, kile kinachofungwa ukutani bafuni. Mama akipata pa kushika ataoga mwenyewe, na binti wa mkunga yuko tayari kumpikia na kulala naye. Wewe ambaye kazi yako ni kubomoa nyumba za watu hukosi kipande. Tuma.

Mdogo wako, mwenye kiuno kinachouma.


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na wifi yako ameipokea yake, ameridhika. Anakohoa kwa hili vumbi ninalorudi nalo kwenye nguo. Mtoto mkubwa amefaulu, mdogo amepoteza viatu, kwa hiyo tumefurahi nusu. Seremala msalimie. Mwambie kabati alilonitengenezea halijawahi kufunga sawasawa, lakini mwenyewe namkubali.

Chuma nimekipata. Rafiki yangu wa lori atakileta, amekifunga kwenye gunia. Ni chuma cha pua, kizito, si hivi vya siku hizi vinavyopinda ukikohoa. Kazini kwetu kuna mwiko: kitu ukikibandua ukutani, chukua chenyewe, skrubu zake ziache kwenye kifusi. Wakongwe wanasema skrubu ndiyo inayoijua nyumba. Mimi nimekuwekea pamoja na skrubu zake, maana ni nene na huwezi kuzipata tena. Wakongwe hawakuniona.

Sasa sikiliza. Msimamishe Mama bafuni na kandambili zake, mwambie anyooshe mkono kama anayemzuia mtu asipite. Hapo kiganja kinapogusa ukuta ndipo chuma kikae. Fundi asitoboe kwenye maungio ya vigae. Agonge kwanza kwa kidole, atafute sauti ya tofali zima, aanze na drili polepole kigae kisipasuke. Akimaliza, aning'inie yeye mwenyewe. Fundi asiyekubali kuning'inia kwenye kazi yake mfukuze.

Utaona upande mmoja kimelika na kung'aa. Si ubovu, kimetumika tu. Na usiniulize kimetoka wapi. Kimetoka kazini, kama vyote.

Kaka yako.


29 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Mpe wifi pole ya kikohozi, na nguo zako azifulie nje. Cherehani imepona, sare zimeondoka, nyumba imepata pa kupita.

Chuma kimefungwa. Nilimwita yule fundi tunayemwita Mbishi, anayeanza kila kazi kwa kukuambia haiwezekani. Alisema ukuta hauwezi, vigae haviwezi, hata umeme hauwezi. Kisha akabandika utepe juu ya kigae ili ncha ya drili isiteleze, akaweka pima maji, akatoboa bila ufa wowote. Skrubu zako ziliingia, akasema mwenyewe, kama zinarudi kwao. Nilipomwambia aning'inie alibishana kwanza, halafu akaning'inia miguu ikiwa hewani, na Mama akacheka mpaka akashika goti.

Kaka, Mungu akulipe. Kesho yake Mama aliingia peke yake. Nilisikia komeo likifungwa kwa ndani, nikakaa kwenye kiti nikiwa sijui niifanyie nini mikono yangu. Seremala nimemwambia ndiyo. Ameshaanza kufunga misumeno yake kwenye magunia.

Kuna kitu kimoja kidogo. Mama anatoka mgongo umesuguliwa. Unajua mkono wake haupandi kupita bega, mgongo ule nimeusugua mimi siku zote. Sasa anatoka umetakata hadi pale katikati ambapo hata mimi napakimbia. Nilimuuliza kasuguliwa na nani, akanitazama kama mimi ndiye mwenye akili za kitoto. Akasema, si huyu mliyeniletea.

Nilicheka naye. Halafu nikaingia kukausha sakafu, nikashika chuma, nikakikuta na joto. Mama anaoga maji baridi, kaka. Lilikuwa joto la kiganja, kama mtu amekiachia sasa hivi. Huenda ni mimi nimechoka. Wifi usimwambie.

Mdogo wako, bibi harusi mtarajiwa.


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku mvua haikatiki, kifusi kimekuwa tope, tunashinda tumejikunyata kwenye lori tukitazamana. Wifi yako amepona. Nimefurahi sana kwa ajili ya Seremala. Nguo ya harusi ishone mwenyewe, usimpe mwenzako akakuharibia kitambaa.

Habari ya mgongo isikusumbue. Mama ni mjanja, atakuwa amefunga dodoki kwenye kitambaa kirefu anajivutia nyuma. Na chuma hupata joto la ukuta uliopigwa na jua. Usijitie hofu bure.

Ila nijibu hili. Mama anashika upande upi, uliolika au mwingine? Mwambie ashike mwingine. Pale palipolika pazungushie kitambaa, ukishone kabisa kisitoke. Naandika haraka, dereva amewasha gari.

Kaka yako.


11 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Nafurahi wifi amepona. Binti wa mkunga ameanza kuja kujifunza mapishi ya Mama, na Mama anamsifu mbele yangu ili niumie. Hiyo ndiyo furaha yake.

Jua halifiki ukuta ule. Wewe ndiye uliyejenga bafu, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Unalijua hilo, na bado uliniandikia habari ya jua.

Mama anashika pale palipolika. Kitambaa nilikishona, kwa mshono wangu wa sare, ule ambao hata mtoto mtundu haufumui. Asubuhi nilikikuta sakafuni kimekunjwa vizuri. Uzi ulikuwa pembeni, mzima, haujakatwa popote.

Siku hizi anakaa humo muda mrefu, anazungumza. Anasema neno, ananyamaza kwa kadiri ya jibu, halafu anacheka. Anatoka na alama za vidole kwenye kifundo cha mkono, na anasema haziumi. Na kaka, anatembea vizuri. Goti limenywea. Anakula, analala, sijamwona na uso ule tangu Baba afariki. Ndiyo maana nashindwa kugomba naye.

Jana nilimuuliza tena, bila utani. Akasema ni mwanamke, mzee kumshinda yeye, mpole, hana makuu. Alikuwa akikaa kwenye nyumba kubwa na wazee wenzake. Siku moja aliteleza akiwa anaoga, akakidaka chuma, akaita. Wahudumu kila mmoja alidhani mwenzake yuko naye. Akaendelea kushika. Walipomkuta alikuwa bado amesimama, lakini hakuwa hai, na vidole vyake vilifunguliwa na mwanamume mwenye kofia ya sufu kwa mpini wa kijiko, kimoja kimoja. Mama alinieleza yote hayo huku akimenya viazi.

Mama hasomi magazeti, na huko kwenu hajawahi kufika. Nakuuliza mara moja tu, na unijibu kama kaka. Chuma kimetoka wapi?

Tunaondoka tarehe sita Julai. Nguo nimeshaikata.

Mdogo wako.


28 Mei

Mdogo wangu,

Kiondoe. Kiondoe siku hiyohiyo utakayopata barua hii. Skrubu zote zitoke, na vile vidude vya plastiki ndani ya matundu. Kisibaki uani, na usimpe mtu tunayemjua.

Ilikuwa nyumba ya wazee, tukaikuta tupu. Habari za yule mama niliambiwa na mlinzi wakati wa chai, nikadhani ni porojo za mlinzi anayetaka asikilizwe. Mwenye kofia ya sufu ni yeye. Kijiko sijakiandika kwenye barua yoyote, na hata wifi yako sijamwambia. Sielewi Mama amekijuaje. Mimi niliona chuma kizuri, kizito, nikasema Mama atakuwa salama.

Nimetuma kingine cha dukani, bado kiko kwenye karatasi yake. Nijibu haraka.

Kaka yako.


17 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Safari hii hukunisalimu, lakini nimekusamehe.

Kimetolewa. Mbishi hakubisha hata neno, na hilo lilinitisha kuliko mengine yote. Skrubu alizozikaza kwa nguvu zake zote zilitoka kwa vidole, bila bisibisi. Tumeziba matundu kwa saruji nyeupe, na chuma kimebebwa na mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa anapita njia. Mama hakulia, wala hakugomba. Alisema tuchukue chuma, chuma ni chetu. Kisha akabeba ndoo yake, akaingia kuoga.

Nilimchungulia kwenye ufa wa mlango. Si tabia yangu, lakini nilikuwa nasubiri kumsikia akianguka. Mama alikuwa amesimama kwenye maji, amejilaza upande kwa uzito wake wote, ameinua mguu mmoja anajisugua kisigino. Mkono umenyooshwa mbele, vidole vimefumbata. Ndani ya vile vidole hapakuwa na kitu. Kati ya kiganja chake na ukuta niliona vigae na viraka vya saruji. Jaribu wewe kusimama hivyo, kaka, uone utakavyofika chini. Yeye alikuwa akiimba.

Chuma cha dukani kimefika, Mama amekataa kisifungwe, anasema mahali pana mwenyewe. Silali. Nikiondoka, namwacha Mama na nani? Nikibaki, nabaki kulinda nini, na Mama hajawahi kuwa mzima namna hii? Seremala sijamwambia. Ninaogopa ataona ni sababu nyingine ya kumwambia ngoja, na safari hii hatangoja.

Mama ameomba kitu kimoja. Kabla sijasafiri niingie nimuage mwenzake. Anasema kuondoka kimyakimya ni kumfanyia kama walivyomfanyia wale waliomwacha. Nimekubali, nisisafiri na kinyongo cha Mama. Ni maneno mawili tu kwa ukuta.

Mdogo wako.


26 Juni

Mdogo wangu,

Usiage. Usiingie humo hata kufuata sabuni. Ogea uani kwa beseni mpaka siku ya safari. Nakujua, hujui kumnyima mtu mkono.

Nimemtafuta mlinzi, nimempata. Anasema kabla ya yule mama kulikuwa na mwingine aliyekutwa ameshika palepale, na kabla yake mwingine, ndiyo maana chuma kimelika. Ofisini nimeomba ruhusa, nitatoka hapa tarehe kumi. Nitakaa na Mama mimi. Wewe panda basi na Seremala wako, wala usigeuke nyuma. Nenda, mdogo wangu. Umengoja vya kutosha.

Kaka yako.


9 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo, na wifi, na watoto. Mwandiko usiucheke, naandika kwa mkono wa kushoto, karatasi nimeiweka juu ya ndoo. Mama hajambo, anakusalimu. Seremala alikuwa hajambo alipoondoka. Barua yako Mama ameniletea humu leo.

Siku ya safari niliogea uani. Kumbe tuliwaza sawa, mimi na wewe. Nilivaa, sanduku likawa mlangoni, Seremala ametangulia kituoni kushika viti. Mama akaniita nije niage. Nilisimama kizingitini nikasema kwaheri, na asante kwa kumtunza mama yangu. Ningegeuka hapo, mambo yangekwisha. Lakini mzee haagwi kwa mdomo mtupu, kaka. Nilipiga hatua nikanyoosha mkono, na mkono ukapokelewa.

Haukuniumiza. Vilikuwa vidole vyembamba, laini, vya mtu aliyekaa sana majini. Karibu na sikio langu mtu alishusha pumzi, kama mtu anapotua mzigo kichwani, kisha vile vidole vikajitoa kwenye vyangu taratibu. Akaenda zake. Nilijua ameenda, bafu lilibaki tupu kabisa. Mkono wangu ndio haukurudi. Umefumbata palepale, na mimi mwenyewe nashindwa kuufumbua.

Tumejaribu sabuni, mafuta, maji ya moto. Mbishi alivunja vigae hadi kwenye tofali, akatafuta kinachonishika, hakukiona, akaondoka akaacha vifaa vyake. Seremala alirudi kutoka kituoni. Alinivuta kiunoni akilia, kisha akaketi nje juu ya sanduku langu, siku ile na siku iliyofuata. Karakana haingoji, na wenye mbao wanataka kazi yao. Alisema atarudi. Alilisema akiwa anautazama ukuta, hakunitazama mimi.

Nilitaka kwenda, kaka. Hata sasa ninapoandika nataka kwenda. Cha ajabu ni kwamba sichoki. Miguu hainiumi, usingizi hauji, njaa siisikii, na Mama akiniletea chai naipokea ili asihuzunike.

Asubuhi hii aliingia na ndoo yake. Alisimama mlangoni akinitazama, machozi yanamtoka. Halafu akasema, "Mwanangu, sakafu inateleza."

Nikamwambia ashike. Alinishika hapa juu kidogo ya kiwiko, mwanzo kwa woga, kisha akaniegemea kwa uzito wake wote, akainua mguu, akajisugua. Hakuyumba. Anasema niko imara kuliko chuma.

Mdogo wako, nipo.